Juzuu ya Tisa

Mke wangu Tsiala amehama.
Hakubeba sanduku, wala hatukugombana.
Yupo hapo, kando ya jiko la kuni,
miguu ndani ya soksi zangu za sufu,
ila kwa hesabu yangu amefika
mwaka elfu moja mia mbili thelathini na tano,
na Wamongolia wako mlimani.

Nikimwuliza chumvi iko wapi
hunijibu, "Wamefunga njia zote."
Nala maharage chapwa.

Juzuu kumi na nne, zimefungwa kwa kamba ya viatu,
urithi wa shangazi yake wa Kutaisi.
"Nitaonja moja tu," alisema Oktoba,
siku tuliyomaliza kukamua zabibu.
Mwonja asali haonji mara moja.
Theluji ilipofunika paa alikuwa ya tano,
akachungulia dirishani, akasema: vumbi la farasi.

Kisha nikamkuta analia kilio cha matanga.
Nikadhani ni dada yake Zhuzhuna, mwenye moyo mgonjwa.
Kumbe Shergili, tarishi wa malkia,
amezama mtoni na farasi wake,
ukurasa wa mia nne na mbili.
Nikampa pole. Ningefanyaje?
Jirani Gulnazi akaja na mkate wa jibini,
akauliza kwa sauti ya chini nani kafa.
Mtu wa zamani, nikasema.

Halafu ya tisa ikakosekana.
Ya nane ipo, ya kumi ipo, katikati pengo
kama la jino.
Siku mbili Tsiala alizunguka nyumba,
mkimbizi,
akinitazama kana kwamba karne hii nimeijenga mimi.
Nikapanda basi la Kutaisi, matope saa mbili,
nikaipata chini ya kitanda cha marehemu shangazi:
doa la divai kwenye jalada,
na kati ya kurasa, unywele mmoja mweupe.
Hapo ndipo alipokomea.

Nilianza kuisoma ndani ya basi,
nijue tu kinachonilia mke wangu.
Nikapitiliza kituo.

Tsiala alipoufikia ule unywele hakuugusa.
Alisoma kwa sauti kuanzia pale
hadi mwisho wa sura, polepole,
akikitazama kiti kitupu.

Nami nimerudi ya kwanza, kwa siri,
nasoma bafuni.
Shergili ana miaka saba.
Baba yake amemshika tumbo majini,
anamfundisha kuogelea.