Waya wa Printa

Kinanda kimekuja na boti kutoka Unguja,
kimefungwa kwa shuka, hakina boksi, hakina waya.
Vibonyezo arubaini na tisa. Cha mwisho kushoto
kina alama ya jino la mtoto nisiyemjua.

Tundu lake la mraba nililitambua mara moja:
ni tundu la printa ya skuli.
Basi Ijumaa, Mwalimu Shaame keshatoka,
nikauchomoa waya, nikauviringa, nikautia mkobani
chini ya kopo la chakula,
nikapita getini na uso wa mtu asiye na habari.
Si wizi. Ni kuazima bila kuuliza.

Limbani, chumba cha uani,
godoro nimelisimamisha dirishani lizuie majogoo.
Nikachomeka ncha ya mraba huku, ncha bapa kwenye kompyuta.
Taa nyekundu ikawaka.
Nikabonyeza.
Kimya.
Nikabonyeza kwa kiganja kizima, kama apigaye hodi kwa mdaiwa.
Kimya kilekile, na kuku nje.

Hafidhi akacheka simuni hata nikamsikia akiketi.
"Time, hicho hakina sauti. Hakijawahi kuwa nayo.
Kinajua kidole gani, saa ngapi, kwa nguvu gani, basi.
Ni tarishi: anachukua barua, hajui kusoma.
Fungua programu, likubali jina lake, kisha mchagulie ala."

Jina lake lilikuwa nambari tupu.
Nikalikubali.
Nikachagua piano, ikalia.
Nikachagua filimbi, kidole kilekile kikawa filimbi.
Nikateremka na orodha mpaka kodiani, nikasita,
kama mtu aonaye viatu vya marehemu nyuma ya mlango.

Kodiani ya baba iko juu ya kabati. Panya wamekula mvukuto.
Ukiinyanyua inatoa pumzi moja ya vumbi.

Nikabonyeza. Sauti ikaja, lakini baadaye,
kama simu ya Maskati: unasema, unangoja,
unadhani hajasikia, unasema tena, mnagongana.
"Punguza bafa," Hafidhi akasema. "Si bafu, Time. Bafa."
Nikapunguza, nikapunguza,
mpaka kidole na sauti vikafika mlangoni pamoja.
Nikapunguza tena kwa tamaa, ikakwaruza
kama upawa kwenye ukoko. Nikarudi nyuma.

Kisha nikarikodi ule wimbo wa baba usio na jina,
aliokuwa akiupiga klabuni watu wakishaanza kutafuta viatu.
Kipaza sauti sikukitia. Jirani alikuna nazi,
akasomesha mwanawe, akamtukana mbuzi,
na hapana hata kimoja kilichoingia.
Kompyuta ilisikia vidole vyangu tu.
Sijawahi kusikilizwa hivyo.

Katikati tukuza ikaisha, nyumba ikazimika.
Taa nyekundu haikuzimika. Ilikuwa ikinyonya betri ya kompyuta,
nami nikaendelea gizani, vibonyezo vyeupe na vyeusi
vyote sasa vya rangi moja.

Mama, upande wa pili wa ukuta:
"Hapo."
"Hapo wapi?"
"Hapo ulipopita. Baba'ko alikuwa akivuta pumzi."

Nikasikiliza tena. Kweli.
Kodiani yangu haifunguki wala haifungiki,
yaweza kushika noti moja mpaka Kiyama.
Nikafuta noti mbili. Nikaacha pengo
la upana wa mikono yake.

Jumatatu saa moja kasorobo waya umo mahala pake.
Mwalimu Shaame anaingia na chai mkononi,
anauliza kama printa imeamka vyema.
Inakohoa, inavuta karatasi,
inatema mtihani wa Kiswahili, darasa la sita,
nakala mia na arubaini, za moto bado,
na juu kabisa maneno niliyoyachapa mwenyewe wiki iliyopita:
Jaza nafasi zilizoachwa wazi.