Woka

Karani wa dirishani, ofisi ya vizazi, Moshi mjini,
alishusha miwani: "Jina la ukoo?"
Nikamwambia, Woka.
"Ukoo, baba. Sijakuuliza jina la utani."
Nikamtajia herufi zote sita za Kiingereza.
Akasubiri nicheke.
Sikucheka. Mtoto begani akapiga chafya.

Babu aliitwa Ndesario.
Nililiona jina hilo mara moja tu,
kwenye kipande chake, kadi iliyolainika kama ndewe ya sikio.
Kando yake karani mwingine, wa shambani Kibosho,
aliandika la mwenye shamba,
kama upigavyo chapa gunia:
la nani hili? La Woka.
Gunia likaenda zake melini.
Chapa ikabaki kwetu.

Shuleni walisema maana yake ni mtembeaji.
Wakaniita Guu Mosi.
Nikichelewa, mwalimu Elirehema huuliza,
"Woka, leo ulikuja umekaa?"

Hadi juzi, maktaba ya mkoa, mvua imenifungia,
nikafunua kamusi ya majina yao, nzito kama tofali.
Kumbe Woka si mtembezi.
Woka ni mkanyaga nguo:
kabwela wa kale huko kwao, suruali magotini,
ndani ya pipa la mkojo uliochacha,
anakanyaga sufu mpaka ikaze, mpaka ishikamane,
anatembea kutwa na hafiki popote.

Nikafunga kamusi. Nikaiona miguu ya babu.

Kwani kazi yake kwa Woka ilikuwa hiyo hiyo:
kuingia tangini alfajiri, maji ya mlimani yanang'ata mifupa,
kuikanyaga kahawa iliyomenywa
mpaka ute uachie, mpaka punje zikwaruze nyayo
kama changarawe.
Shangazi Ndetaramo anasema kucha zake
zilikwenda kaburini na umanjano wake,
na nyumba nzima ilinuka uchachu, hata Biblia.

Sijui kama bwana Woka alijua.
Nadhani hakujua.
Alisimama ukingoni na buti zake, saa mkononi,
akimhesabia dakika mtu
aliyekuwa akifanya kazi ya jina lake.

Krismasi, tulipopanda wote nyumbani,
nikauliza: kabla ya Woka tulikuwa nani?
Baba mdogo akasema, Urio.
Shangazi nusura amwage mbege.
"Urio ni wakwe zetu! Sisi ni..."
akanyamaza,
akamfukuza kuku ambaye hakuwepo.
Walibishana mpaka mtori ukapoa na kuganda.

Cheti kimetoka. Kina kosa.
Wameandika Woka, herufi nne, kama tunavyotamka.
Nilikwisha shika nauli ya kurudi dirishani.
Kisha nikamvua mtoto soksi,
nikamsimamisha mapajani.
Akaanza kukanyaga.
Nguvu zote hizo, jamani, na wala haendi mahali.
Nauli nikanunulia maziwa.