Paji la Uso Liwe Wazi

Duka langu ni futi sita kwa nane, mkabala na ukuta mrefu.
Nina kamera, mashine ya fotokopi inayokohoa,
mkasi, gundi, kitana kilichofungwa kwa uzi kisiibwe,
na koti moja la suti, saizi ya kati,
ambalo nusu ya wanaume wa milimani wamelivaa dakika mbili.

Kathmandu huamka na ukungu. Foleni huamka kabla ya ukungu.

Hom Prasad Rijal alishuka basi la usiku kutoka Dhankuta
amekumbatia mfuko wa nailoni kama mtoto mwenye homa.
Ndani: hati ya shamba, tafsiri ya hati ya shamba,
barua ya mhandisi aliyelipwa aseme shamba lina thamani,
na muhuri wa kata kwamba binti yake ni binti yake.
"Nilikuwepo alipozaliwa," akaniambia,
"ila muhuri haukuwepo. Nimelipa uje sasa."

Na laki kumi za shemeji zimelala benki kwa jina lake,
mwezi mzima, na riba anailipa yeye.
Tajiri wa siku thelathini,
kandambili zimeshonwa kwa waya.

"Na ada yao?"
"Nyati."
Alisema hivyo tu, kama mtu anayetaja aliyefariki.
Nikamuuliza: wakikunyima, hurudishwa?
Jibu nilikuwa nalo. Nilitaka naye alipate
mapema, kwangu, penye kiti.

Vua kofia, mzee.
Chini ya kofia nywele nyeupe, zimelala upande mmoja.
Vua miwani.
Usitabasamu. Hapana, hata hivyo bado unatabasamu.
Halafu nikaona paji la uso:
mchele, mtindi, rangi nyekundu,
baraka aliyobandikwa na mkewe alfajiri ya safari,
imekauka, imepasuka, imevuka nayo mito yote.

Sijui kama sheria inaikataza.
Najua picha zilizorudishwa kwa kivuli cha sikio.
Nikasema: ifute.

Akaifuta kwa kidole gumba, taratibu.
Punje zikaanguka sakafuni, nazo nikazifagia jioni.
Katika risiti niliandika: picha nne, fotokopi arobaini.
Hilo la tatu sikuliandika. Lingeandikwaje?

Wahenga walinena mgeni njoo, mwenyeji apone.
Kule dirishani mgeni hulipa kwanza,
kisha huulizwa atarudi lini, na kwa nini tumwamini.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe:
wanachohofia ni kwamba siku ya tatu
atalishika jembe na asiliachie.
Wakamtazama mtu wa miaka sabini na mmoja,
anayetaka kumwogesha mjukuu mara moja tu,
wakaliona jembe.

Dakika tatu. Nilihesabu tangu mlango ulipommeza.
Alirudi kuchukua mwavuli wake.
Karatasi aliyopewa hakunionyesha,
nami sikuomba; karatasi zile zote ni ndugu.

Nina kopo la biskuti lililojaa nyuso.
Nakata nne, wao wanataka mbili,
na aliyenyimwa hana haraka ya kuzidai zilizobaki.
Usiku nikifunga mahesabu nasikia kopo limenijaa kichwani,
maana mimi pia nimo katika gharama zao.
Kodi yangu hupanda foleni inaporefuka.
Binti yangu anasoma kwa ada ya watu wasiokwenda popote.

Baada ya mavuno ya iliki akaja tena.
Mjukuu sasa anajiogesha, alisema.
Nikamwambia nimeihifadhi picha yako, ile ya zamani itafaa.
"Ile ndiyo waliyoikataa," akajibu. "Piga nyingine."
Nikamtoza bei kamili. Nasema nisije nikajificha.

Akaketi. Akavua kofia, akavua miwani,
kabla sijafungua mdomo.
Nikaitazama kamera, kisha nikamtazama yeye.
Safari hii paji la uso lilikuwa safi.
Alilisafisha mwenyewe, mahali fulani njiani.