Kifudifudi

Nimepewa kitanda cha dirishani, ghorofa ya tatu,
godoro la plastiki linalolia kila nikipumua.
Nandudu ametandika mkeka wake chini yangu,
katikati ya beseni, chupa ya chai, na bahasha ya khaki
ambamo mgongo wangu umesafiri kutoka Mbale,
mweupe, umepinda, bila kulipa nauli.

Daktari amekuja na kalamu ya buluu.
Amenipapasa pingili moja moja kama mnunuzi wa miwa,
akaweka alama mbili, akasema: hapa, mpaka hapa.
Shubiri moja.
Miaka kumi na tisa ya kahawa,
kilo sitini begani, ubao wa lori ukinesa,
yote yameenea ndani ya shubiri moja.

Kisha karatasi. Nimeisoma mara mbili.
Limo neno "huenda" mara nne,
nimelihesabu kama ninavyohesabu magunia, kwa kukunja kidole.
Huenda damu. Huenda usaha.
Huenda mkojo usiijue tena njia yake.
Huenda miguu.
Hapo sentensi haikwisha, au mimi ndiye niliyeacha kusoma.
Nikatia sahihi. Kalamu ilikuwa ileile ya buluu.

Saa nne usiku sista Apolot amenifunga kinywa
kwa kipande cha kadibodi: ASILE, ASINYWE.
Malewa aliyopika mama, yaliyokuja kwa basi
yakivujisha karanga kwenye leso ya Nandudu,
yameenda kwa mzee Okwir wa kitanda cha pili,
ambaye amekula huku akinitazama kwa huruma
lakini tonge hakupunguza.

Kampala haizimi taa. Juu ya paa la mochwari
makorongo wamesimama kwa mguu mmoja
kama wanaonionyesha kwamba inawezekana.

Nilikuwa na miaka kumi na minane
nilipopakwa chachu ya wimbi na tope la mtoni,
nikasimama uani kwa baba, fimbo begani, macho mbele,
kisu kikafanya kazi yake na kijiji kizima kikitazama.
Sikupepesa. Shangazi zangu wangali wanalisimulia,
kila mwaka wakiniongezea kimo kidogo.
Huo ndio uanaume niliofundishwa:
kuwa wima, na kuwa macho.

Kesho nitalala kifudifudi, uchi, usingizini,
kati ya watu waliofunika nyuso.
Nani atasema sikutetemeka?
Hata mimi sitakuwepo.

Hili sijamwambia Nandudu. Ana hesabu zake:
chupa mbili za damu alizoahidi kaka yangu Wamono,
ambaye simu yake tangu jioni haipatikani;
bei ya skrubu, nane, za chuma kisichoshika kutu;
mbuzi tuliyemuuza na mimba yake.
Namsikia akizijumlisha kwa Kigisu, kwa pumzi,
anafika mwisho, anaanza upya,
kana kwamba jumla itamwonea haya ibadilike.

Saa nane. Chini ya blanketi nachezesha vidole vya miguu
kimoja kimoja, kama msafiri anayepapasa nauli mfukoni.
Vya kulia vipo vyote.
Vya kushoto viwili. Labda vitatu.

"Umelala?"
"Bado."

Nasikia mkeka, kisha goti likigonga beseni.
Mkono wake unapenya chandaruani, upande wa kushoto.
"Hiki ni kipi?"
"Gumba."
"Na hiki?"
"Cha tatu."
"Haya. Na hiki?"

Nasubiri. Nasikiliza chini kabisa,
kama mtu aliyedondosha kijiwe kisimani.
"Cha mwisho," nasema.

Kimya.

"Sijakugusa bado."

Godoro linalia.
Yeye ndiye anayeanza kucheka.