Mlango wa Elfu Moja na Themanini

Tejen, mwezi wa Mei, saa saba usiku.
Feni inageuza shingo kama mtu anayekataa chakula.
Mama amelala chumba cha pili, redio tumboni.
Nimeshusha pazia, nimewasha kompyuta ya marehemu baba,
ile iliyong'oka herufi K,
na mbele yangu kioo cheusi,
kimstari kimoja kinapepesa.

Mimi ni fundi wa friji.
Gesi ikivuja naijua kwa pua.
Haya mengine nimefunzwa na dada yangu Ogulsheker,
kwa simu, kwa mafumbo, miezi minne,
maana simu yetu ina masikio kuliko midomo.
"Gauni la mama limefika?" akauliza.
Limefika.
"Limemkaa vizuri pindo?"
Aliporudia mara ya tatu nikachukua mkasi.

Ndani ya pindo, karatasi nyembamba kama ganda la kitunguu:
anwani isiyo na mtaa,
na chini yake safu ya herufi na tarakimu
zilizoandikwa bila haraka,
kwa mkono uleule unaoosha sahani za hoteli huko Konya.
Mashine yenyewe iko jikoni kwake,
juu ya kabati la unga, haizimwi.

Naandika amri. D kubwa, kisha elfu moja na themanini.
Kimya.
Halafu swali:
*Mwenyeji huyu simfahamu. Alama ya kidole chake ni hii.
Una hakika unataka kuendelea?*

Maisha yangu yote nimeulizwa jina, kitambulisho, jina la babu.
Hili sijawahi kuulizwa na mtu, tena akatulia kungoja.

Nikaileta karatasi chini ya taa.
Ogulsheker ana kovu kwenye kidole gumba cha kulia,
tanuri la mkate lilimlamba akiwa na miaka sita.
Nikaenda herufi kwa herufi, ukucha wangu juu ya wino wake.
Ya kumi na tisa ikanishinda: ni sifuri, au ni O?
Nikaanza upya.
*Ndiyo*, nikaandika. Nzima, bila kufupisha.

Nywila. Naandika na kioo hakioneshi kitu,
hata nukta,
kama kumwaga maji kwenye mchanga wa Karakum.
Kisha mstari mpya, maneno aliyoniwekea mlangoni
sijui tangu lini:
*Umekula?*

Bado kivinjari. Nikakiambia: wewe usitoke.
Huyu hapa mshenga, proksi kwa jina la kazini,
anakaa humuhumu ndani,
kwenye ile namba ambayo kila mashine hujiita yenyewe.
Mpe maneno, atayapeleka yamefunikwa.

Ukurasa ukagoma.
Nikakagua kila nukta. Ukagoma.
Chai ikapoa, nikainywa hivyohivyo,
ndipo nikaling'amua kosa, nikacheka peke yangu:
kivinjari kilimtuma mshenga Konya, sawa,
lakini kwanza kilipiga hodi kwa jirani
kuuliza nyumba ya fulani iko wapi,
na jirani, ambaye analipwa aseme haipo,
akasema haipo.

Kuna kisanduku kidogo, chini kabisa, huwezi kukiona ukiwa na pupa.
Jina nalo likaulizwe kulekule.
Nikakitia alama.

Nilitaka karatasi ya dawa ya mama, ya presha,
madhara yake, maana miguu inamvimba.
Nikaipata. Nikainakili kwenye daftari la wateja,
kati ya deni la mchinjaji na kompresa ya shule.
Lakini pembeni ya ukurasa kulikuwa na tangazo la makochi, bei nusu,
mtaa wa tatu kutoka kwa Ogulsheker,
na juu yake hali ya hewa,
maana dunia iliniona nimekaa jikoni kwake,
kando ya unga.

"Unasoma nini?" Mama, mlangoni, bila kiatu.
Konya kunanyesha, nikasema.
Akasimama kidogo, anafikiri.
"Basi mwambie aanue nguo."