Nani Amwamkie Nani

Walimteremsha Ngomeni, Jumanne, saa nne asubuhi,
mbele ya jukwaa kuukuu la kurushia roketi
lililosimama majini kwa miguu ya chuma,
kama meza iliyosahauliwa karamu ikiisha.
Nilikuja na kiti cha kukunja, maana magoti,
na mjukuu wangu Fumo akinishikia mwavuli.

Akatoka mwanamke wa miaka thelathini na minne.
Mama yangu.
Mimi nina hamsini na saba.

Hesabu yenyewe naijua, niliifundisha Barani, chaki mkononi:
chombo kikikaribia mbio za mwanga
siku moja ya ndani humeza kumi zetu.
Wala si saa kuharibika. Moyo wake ulipiga vilevile,
kucha ziliota, wali uliiva kwa dakika zake,
hakuona chochote kimepungua.
Ila ubao haukuwahi kuniambia
nani amwamkie nani.

Tukasimama.
Yeye akangoja, kwa haki ya uzazi.
Nami nikangoja, Mungu anisamehe, kwa haki ya mvi.
Shikamoo ikabaki katikati, haina mwenyewe,
kama mzigo ulioshushwa kituo kisicho chake.
Fumo ndiye aliyeiokota: "Shikamoo, bibi,"
na sote wawili tukaitika, "Marahaba."

Nyumbani Shela alitaka kujua anadaiwa funga ngapi:
Ramadhani tano alizozihesabu chomboni,
au hamsini zilizoandama huku?
Kadhi alivua miwani, akaivaa, akaomba wiki mbili.
Kuhusu eda alijibu papo hapo:
mume alifariki mwaka wa kumi na mbili tangu safari,
eda ilikwisha zamani, hana la kukalia.
(Nikapiga hesabu kimoyomoyo:
miezi minne na siku kumi,
kwake zilikuwa siku kumi na tatu.)
"Mwaka wa kumi na mbili," Mama akasema,
"kwangu ni mwezi wa kumi na nne.
Mwezi huo nilikuwa namshonea kofia.
Ukingo ulinisumbua, nikaufumua mara mbili."
Akaitoa mkobani. Inampwaya Fumo.

Tulionywa: chelewa chelewa, utakuta mwana si wako.
Mama hakuchelewa.
Tangu Malindi iitwe Malindi
hapajatoka mtu aliyekimbia kama yeye,
na bado.

Alijua, lakini. Miaka hamsini iliandikwa kwenye karatasi,
akatia saini kwa kalamu yangu ya shule.
Sijamsamehe lote. Sehemu nimeiweka.

Asubuhi ile ya kuondoka niling'oka jino, la mbele, la juu,
lilibaki kwenye hamri.
Nilitaka kulitupa juu ya paa, kama watoto wote.
"Hili nalichukua mimi," akasema, akalifunga pembeni mwa leso.

Jana usiku aliifungua leso ile.
"Fungua kinywa."
Nikafungua, mimi mwalimu mstaafu.
Jino lililoota mahali pake
liling'oka mwaka jana, na sijapata la bandia.
Akacheka kwa meno yake yote,
kisha akaacha ghafla, akanigusa shavu
kama anayepima ukuta kama bado una joto la jua.

Akaniwekea jino kiganjani.
Dogo kuliko nilivyolikumbuka.
Nilikuwa na miaka saba lilipoondoka, likakaa mitano safarini:
kipande hiki cha mwili wangu
kina umri wa mtoto wa darasa la sita.
Hakijui kuhusu Baba. Hakijui mume, talaka, sukari.

Tukatoka uani bila viatu.
Aliniuliza kama bado najua kurusha,
nikamwambia bega haliendi juu,
akanishika kiwiko, akakiinua.
Jino likagonga bati, likabiringika.
Tulisimama tukilisikiliza,
lilivyochukua muda wake.