Fungu Langu ni Gia

Baba alituachia Patroli moja na watoto wawili.
Mahakama ya Sib ikagawa kama ilivyoandikwa:
mafungu mawili kwa Azzan, moja kwangu.
Usiku nikapiga hesabu. Magurudumu manne,
langu ni moja na theluthi.
Asubuhi nikamwambia kaka: sitaki matairi.
Chukua injini, chukua tabo na mluzi wake,
chukua rangi, na viti, na sifa za barabarani.
Mimi nipe giaboksi.
Akacheka mpaka akapaliwa na chai.

Ndivyo tulivyofika Mabela, mtaa wa magereji,
Julai, saa tisa alasiri, bati linaunguza hata kivuli chake.
Tumekalia kiti cha nyuma cha gari ambalo halipo tena.
Mezani masanduku matatu ya alumini,
kila moja dogo kuliko sahani ya halua,
kila moja ghali kuliko mbuzi wa Idi na mchungaji wake.

Shibu, fundi wetu, mtu wa Kerala,
akaligonga la kwanza kwa ukucha.
"Hii mwongo," alisema, kwa Kiswahili alichookota kwa wateja.
"Inakaa katikati. Kompyuta ya kiwandani inauliza, hewa kiasi gani?
Hii inajibu, kidogo tu, bibi, lala."
Na kumbe hewa ni gharika.

La pili halidanganyi mtu. Linafukuza.
Linang'oa ya zamani na nyaya zake,
linakaa kitini peke yake,
linajua cheche, linajua mafuta, linajua joto la moshi.
"Farasi mia saba," alinong'ona Azzan,
kama mtu anayetaja jina la mchumba.

"Na gia?"
Shibu akatazama feni.
Gia itauliza, haitajibiwa,
itajifungia kwenye namba tatu
kama bi harusi aliyesusa chumbani.
Mtavutwa na kamba kutoka mchangani, wote wawili.

La tatu huagizwa. Wiki saba.
Farasi mia tano na kitu,
na riali ambazo sitazitaja, mama atasoma.
Ila linajua kuongea na gia.
"Kuongea nini?" aliuliza Azzan. "Gia ina maneno gani?"

Shibu akafungua laptopu,
akatuonyesha safari yetu ya asubuhi kutoka Barka:
mstari mwekundu injini, wa buluu gia.
"Tazama hapa. Na hapa. Na hapa."
Kila gia ilipotaka kubadili, ilituma ombi,
punguza kidogo, navuka,
na injini ikashusha pumzi,
muda usiotosha hata kupepesa jicho,
kisha ikaendelea na hasira zake.

Sikujua.
Miaka kumi na minne nimekaa kiti cha abiria
nikidhani ule ulaini
ni mguu wa baba.

Azzan alikaa kimya, halafu akakumbuka:
"Mimi nina mafungu mawili."
"Mafungu mawili ya nini?" nikamjibu.
"Injini bila gia ni kelele iliyoegeshwa."
Shibu akajifanya anatafuta spana.

Tuligombana kwa muda wa karaki mbili na sambusa.
Akataka tabo iongezwe presha, nikakubali robo ya alichotaka.
Nikataka kipoza mafuta ya gia, kikubwa, kipya.
Akakubali, ila kwa pesa yangu.
La tatu likaagizwa. Risiti ina majina mawili,
lake juu.

Septemba tukalipeleka Bausher, kwenye mchanga,
yeye usukani, mimi kiti changu cha zamani.
Kilima kikasimama mbele ya kioo kama ukuta.
Akakanyaga. Tabo ikapiga mluzi,
moja, mbili, tatu, na mbingu ikashuka kuwa upeo.
Juu kabisa akazima muziki.
"Umeisikia ikibadili?"
"Sijasikia kitu."
Akanyamaza, akapapasa usukani.
"Hata mimi."